Bwana Shamba Anasema: Msaidie Mtoto Aandike Sawasawa



Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuhifadhi mahindi ghalani. Mwezi huu tuliache ghala kwanza. Tufungue daftari la mtoto wako wa Darasa la III, la IV au la V.

Utasema: "Bwana Shamba, hayo ni mambo ya mwalimu. Wewe tuletee habari za mbegu." Ni kweli, mimi si mwalimu. Kazi yangu ni kilimo, na cheti changu ni cha kilimo. Lakini hapa Mogitu ninapita nyumba kwa nyumba. Ninaona nani anasoma karatasi ya dawa ya mifugo. Mara nyingi ni mtoto. Ninaona nani anaandika jina la mbegu juu ya debe. Ni mtoto. Ninaona nani anaandika ujumbe wa simu kwa mnunuzi wa mbaazi. Ni mtoto huyo huyo.

Mtoto huyo amekuwa karani wa nyumba. Karani akikosea herufi, hasara ni ya nyumba nzima. Ndiyo maana jambo hili ni la shamba pia.

HERUFI MOJA INA GHARAMA

Tazama mifano hii.

Neno "kufaa" lina A mbili mwishoni. Ukiondoa A moja, unapata "kufa". Sasa fikiri mtoto anaandika ujumbe kwa mjomba wake: "Mbegu hizi zinaweza kufa hapa." Alitaka kusema zinaweza kufaa. Mjomba hataleta mbegu.

"Kura" na "kula" si neno moja. "Kufua" nguo na "kuvua" nguo si kazi moja. "Thamani" ni bei au ubora wa kitu. "Samani" ni viti, meza na vitanda.

Tazama na mbolea. DAP ni ya kupandia. Urea ni ya kukuzia. Urea ikigusana na mbegu huiunguza, na mche hautoki. Watu wengi hununua mbolea kidogo kidogo na kuitia katika mfuko usio na maandishi. Mtoto huambiwa aandike juu yake. Akiandika "mbolea" tu, baada ya miezi miwili hakuna anayejua ni ipi. Akiandika "mbolea ya kukuzia", amelinda mavuno kwa maneno matatu.

Na jina lako je? Tangu msimu wa 2022/2023 mkulima anaandikishwa ili apate mbolea ya ruzuku. Jina linaandikwa. Namba ya simu inaandikwa. Jina likiwa moja katika kitambulisho na jingine katika orodha, utasumbuka kueleza kwamba mtu ni yule yule. Usumbufu huo huanza mapema. Huanza siku mtoto anapozoea kuandika jina lake leo hivi, kesho vile.

DAFTARI SAFI SI USHAHIDI

Wazazi wengi hufungua daftari la mtoto na kufurahi. Mwandiko ni mzuri. Mistari imenyooka. Alama za vema ni nyingi.

Lakini uliza: je, maneno haya mtoto ameyatoa kichwani mwake, au ameyanakili ubaoni? Kunakili ni kazi ya macho na mkono. Kuandika ni kazi ya kichwa, sikio na mkono. Mtoto anaweza kunakili miaka minne bila kujua kuandika.

Mpime hivi. Funga daftari. Mpe karatasi tupu. Mwambie: "Andika mambo matatu uliyoyafanya jana." Usimsaidie. Ngoja. Akiandika sentensi tatu zinazosomeka, shukuru. Akikaa anakutazama, umegundua jambo kubwa, na bado una wakati.

Mwisho wa Darasa la IV kuna Upimaji wa Kitaifa unaoendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Hapo hakuna ubao wa kunakili. Afadhali udhaifu uonekane kwako leo kuliko uonekane huko. Na mtoto akiingia Darasa la V bila kujua kuandika, masomo yote yatamlemea. Historia anaiandika. Sayansi anaiandika. Hata swali la hesabu lina maneno.

Tusimlaumu mwalimu upesi. Darasa lina watoto wengi. Mwalimu mmoja hawezi kukaa na kila mtoto kila siku. Wewe una watoto wawili au watatu mbele yako jioni. Hapo wewe una nafasi ambayo mwalimu hana.

KWA NINI MTOTO WETU ANAKOSEA

Watoto wengi wa sehemu zetu husema Kiiraqw nyumbani. Wengine husema Kibarbaig, Kinyaturu au Kinyiramba. Kiswahili sanifu wanakutana nacho zaidi shuleni. Hili si ubaya. Lakini lazima tujue linavyofanya kazi.

Kiiraqw hakina sauti ya V wala ya Z. Mtoto husikia V akaandika F. Husikia Z akaandika S. Basi "viwavi" huwa "fiwafi", na "mazao" huwa "masao". Mtoto huyo si mjinga. Sikio lake linafuata njia lililoizoea.

Kumbuka pia kwamba Kiiraqw kina sauti ambazo Kiswahili hakina. Kina Q. Kina HH, TL na SL. Mtu wa pwani akijaribu kutamka majina yetu, ulimi wake hukwama. Je, tunamwita mjinga? Hapana. Basi na mtoto tusimwite hivyo. Usimkataze kusema lugha ya bibi yake. Mfundishe tu kwamba Kiswahili kina herufi zake.

Kiswahili tunachoandika kilipangwa ili watu wa mahali pote wasomane. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa. Hapo Kiswahili cha Unguja kilichaguliwa kuwa msingi. Mwaka 1930 ikaanza kamati ya kusimamia lugha kwa Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Ndiyo sababu kitabu kilichoandikwa Zanzibar kinasomeka Katesh. Tuandike kwa namna moja, nasi tutasomeka huko.

MAMBO MATANO YA KUFUNDISHA

Usimfundishe mtoto mambo yote kwa siku moja. Chukua jambo moja kwa juma. Haba na haba hujaza kibaba.

1. Ng'ombe na ngano

Hapa Hanang tunaishi kwa ng'ombe na kwa ngano. Maneno haya mawili yanafundisha jambo moja kubwa.

Tamka "ngano". Sikiliza vizuri. Unaisikia G, kama ile ya gari. Sasa tamka "ng'ombe". Mwanzoni G huisikii. Sauti inapita puani. Ndiyo maana ng'ombe ana alama ndogo juu baada ya G. Alama hiyo huitwa ritifaa.

Ngano, ngoma, nguo, ngazi: hayana alama. Ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, kung'aa: yana alama. Mtoto asikariri tu. Atamke kwanza, asikilize, kisha aandike.

2. V na F, Z na S

Mwambie mtoto aweke vidole kooni. Atamke "ffff". Koo halitetemeki. Atamke "vvvv". Koo linatetemeka. Afanye hivyo kwa "ssss" na "zzzz". Koo litamwambia tofauti ambayo sikio bado halijaizoea.

Kisha aandike maneno mawili mawili: futa na vuta, fua na vua, saa na zaa. Mpe na maneno ya kazi: vuna, viazi, viwavi, mbaazi, mizizi, alizeti.

3. Irabu mbili

Saa, taa, kaa, paa, zaa, faa. Maneno haya yana A mbili kwa sababu tunazitamka mbili. Mtoto apige makofi: sa-a, ta-a, fa-a. Kila kofi lina irabu yake. Akipiga makofi mawili, aandike irabu mbili.

4. Maneno ya kuunganisha na ya kutenganisha

Hili huwasumbua hata watu wazima. Kitendo huandikwa pamoja na viambishi vyake. Andika "tumepanda". Usiandike "tume panda". Andika "hawajapalilia". Usiandike "hawaja palilia".

Lakini "kwa sababu" ni maneno mawili. "Kwa hiyo" ni maneno mawili. "Kwa kuwa" ni maneno mawili. Usiyabane.

Mfundishe mtoto kuuliza hivi: "Je, kipande hiki kinaweza kusimama peke yake?" "Sababu" inaweza kusimama: sababu ni nini? "Tume" ya tumepanda haiwezi kusimama peke yake. Inangoja kitendo. Basi iunganishwe nacho.

5. Majina

Kiswahili hakitumii herufi Q wala X. Herufi C haisimami peke yake, hukaa na H. Pia maneno ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu. Kwa hiyo mtoto aliyefundishwa vizuri silabi za Kiswahili anaweza kuandika "Hanangi" na "Kateshi". Anafuata kanuni, lakini jina lina kanuni yake.

Jina haligeuzwi. Hanang ni Hanang. Katesh ni Katesh. Jina la ukoo wenu likiwa na Q, Q ibaki. Likiwa na TL au HH, zibaki. Toa cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Toa kitambulisho chako. Mtoto aandike majina yote matatu kama yalivyo hapo, herufi kwa herufi, mpaka mkono uzoee. Ukiona cheti kina kosa, usingoje mpaka siku ya kuandikishwa mtihani. Mwone mwalimu mkuu mapema akueleze pa kwenda.

FANYA IMLA KILA JIONI

Imla ni kazi rahisi. Mmoja anasema neno, mwingine anaandika. Huhitaji kitabu. Huhitaji fedha. Dakika 15 zinatosha. Fuata hatua hizi.

Kwanza, chagua maneno 5 tu. Yawe maneno ya kazi mliyofanya siku hiyo. Kama mmepalilia, sema: jembe, magugu, palizi, mizizi, kung'oa.

Pili, sema neno mara mbili, polepole, bila kulivuta mno.

Tatu, mtoto alirudie kwa sauti na kupiga makofi kwa kila silabi. Ma-hi-ndi, makofi matatu. A-li-ze-ti, makofi manne. Ng'o-mbe, makofi mawili.

Nne, aandike bila kutazama popote.

Tano, msahihishe pamoja. Mkibishana, andikeni neno hilo pembeni. Kesho mtoto amwulize mwalimu, au alitafute katika kamusi kama shule inayo. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, na imechapishwa tena baadaye.

Sita, neno lililokosewa liandikwe upya lote. Asifute herufi moja na kuweka nyingine juu. Mkono ukumbuke neno zima. Neno hilo lirudi tena kesho kutwa.

Je, huna karatasi? Tumia mkaa na boksi kuukuu. Mtoto anachunga? Ardhi ni ubao na fimbo ni kalamu. Mwambie akuandikie mchangani majina ya ng'ombe anaowachunga, kila mmoja na rangi yake.

Na wewe unayesoma gazeti hili, labda ulijifunza kusoma juzi tu. Usione haya. Mtoto aseme neno na wewe uandike. Kisha mbadilishane. Akikusahihisha, mshukuru. Atajifunza kwamba kukosea si aibu, bali kuacha kosa likae ndiyo aibu.

Jambo moja nalisema kwa nguvu. Usimpige mtoto kwa sababu ya herufi. Usimcheke mbele ya wenzake. Tunapopalilia tunang'oa magugu, hatung'oi mahindi. Mtoto anayeogopa huandika maneno machache anayoyajua tu, na hapo hakui.

Wape nafasi sawa wavulana na wasichana. Msichana akiteka maji, akipika na kuosha vyombo mpaka usiku, imla ataifanya saa ngapi? Kazi za nyumbani zigawanywe ili na yeye apate dakika zake 15.

TUSAHIHISHE PAMOJA

Hapa chini ni maandishi ya aina ninayoyaona mara kwa mara katika madaftari ya watoto. Yana makosa 7. Yatafute kabla hujaendelea.

"Leo tume panda mahindi na mbaasi. Ngombe wa jirani wame ingia shambani. Baba amesema tufunge uzio fizuri kwasababu wa zamani aufai tena."

Umeyaona? Maandishi sahihi ni haya:

"Leo tumepanda mahindi na mbaazi. Ng'ombe wa jirani wameingia shambani. Baba amesema tufunge uzio vizuri kwa sababu wa zamani haufai tena."

Sasa tazama jambo jingine. Mtoto huyu ana makosa 7, lakini amesema mambo ya kweli na kwa utaratibu. Tunajua kilichopandwa. Tunajua kilichoharibika. Tunajua kitakachofanywa. Huyu ana kichwa cha kuandika. Msifu kwanza kwa habari yake. Kisha sahihisha herufi. Ukianza na makosa 7, kesho hatakuandikia kitu.

MPE KAZI YA KWELI

Mtoto hujifunza zaidi akiona maandishi yake yanatumika. Basi mpe kazi ya kweli. Nunua daftari moja. Juu yake aandike: DAFTARI LA SHAMBA. Kila juma aandike mistari mitatu au minne. Tarehe gani mvua ilinyesha. Tarehe gani mlipanda, na mbegu gani. Mahindi yalipandwa kwa nafasi gani: kwa mfano sm 75 kati ya mistari, na sm 30 kati ya shimo na shimo, mbegu moja kila shimo. Mliuza gunia ngapi, kwa bei gani. Ng'ombe yupi alichanjwa, na lini.

Mwaka ukiisha, utakuwa na vitu viwili. Mtoto anayejua kuandika, na kumbukumbu za shamba. Nikija kukutembelea, nionyeshe daftari hilo kwanza. Litanisaidia kukushauri kuliko maneno ya kukisia.

Lakini kuna kazi moja mtoto asipewe. Asipewe kupima wala kuchanganya dawa ya wadudu. Anaweza kukusomea maandishi, lakini kushika dawa ni kazi ya mtu mzima. Na dawa isihamishiwe katika chupa ya soda au ya maji, hata mkiiandika vizuri namna gani. Mtoto mdogo ambaye hajui kusoma atainywa.

Njia hii ya kufundisha herufi kwa maneno ya kazi si ngeni katika nchi yetu. Mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa, makao yake Mwanza, kwa msaada wa UNESCO. Watu wazima walisoma vitabu vya pamba, vya ndizi na vya uvuvi. Mkulima alijifunza herufi na kilimo kwa pamoja. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1967 zaidi ya watu wazima 6 katika kila 10 hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986, kwa hesabu za Serikali, alikuwa amebaki kama mmoja katika kila 10.

Wazee wetu walisoma chini ya miti, jioni, baada ya kulima. Walishika kalamu kwa mikono iliyozoea jembe. Kama wao waliweza, mtoto wa Darasa la IV mwenye mikono laini na akili nyepesi hatashindwa. Anachohitaji ni mtu wa kukaa naye dakika 15.

Leo jioni anza na maneno mawili: ng'ombe na ngano.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Someni maswali haya nyumbani au katika kikundi chenu.

1. Nyumbani kwenu ni nani anayesoma na kuandika kwa niaba ya wengine? Nani anamsaidia?

2. Mtoto wako wa Darasa la IV anaweza kuandika sentensi tatu bila kunakili? Umempima lini?

3. Jina la mtoto limeandikwa namna moja katika cheti, daftari la shule na kadi ya kliniki?

4. Kwa nini "ng'ombe" ana ritifaa na "ngano" haina?

5. Kikundi chenu kinaweza kufanya nini ili kila mtoto kijijini apate dakika 15 za imla?

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuchagua mbegu za alizeti. Mwambie mtoto akusomee.

Wako katika kazi,
Bwana Shamba, Mogitu